Nimetuma 380,000 kwa tapeli: nianzie 100, polisi, au kwa hawa wanaosema wanarudisha?

MamaMagunia (Kibirizi)
Wakuu, naombeni msaada, kichwa kimevurugika. Leo saa nne asubuhi nilikuwa nasubiri dereva wa lori anitumie namba ya kulipia nauli ya magunia ya dagaa kwenda Tabora. Ikaingia meseji: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, yangu inasumbua." Ndiyo, ile ile tunayoicheka kila siku. Ila leo nilikuwa na hela ya kutuma kweli, sikucheka. Likaja jina la mwanamke, nikajua ni mkewe, nikaweka namba ya siri. Baada ya dakika ishirini dereva ananipigia: "Mama, mbona kimya?"

Sasa kila mtu na lake. Jirani anasema piga 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao, shemeji anasema polisi. Facebook kuna mmoja ana "kijana wa ndani ya kampuni", anarudisha kwa 40,000. Aliyewahi kupitia haya aniambie kipi kilimsaidia.

WakalaMwanga
Dada pole. Piga 100 SASA, haya mengine utasoma ukiwa unasubiri kwenye simu. Ikiita muda mrefu usikate.

Niko kwenye kibanda cha uwakala mwaka wa saba. Hela ikiwa bado kwenye laini ya tapeli, kampuni inaweza kuizuia. Akishaitoa kwa wakala, imekwenda, hakuna kitufe cha kuirudisha. Na hawa hawalazi hela; ikiingia tu wanaitoa au wanaihamishia laini nyingine.

Tena sikiliza: usiwaambie umekosea namba, sema UMETAPELIWA. Aliyekosea namba, aliyepokea huulizwa kama anakubali kurudisha. Tapeli gani atakubali? Ile menyu ya kurudisha muamala mwenyewe nayo ni ya waliokosea, usiitegemee. Shika namba ya kumbukumbu ya muamala, ndiyo watakayokuuliza kwanza. Meseji usifute hata moja.

MjukuuWaUjiji
Wakala kasema kweli ila kaishia njiani. 100 wanazuia, lakini kukukabidhi hela ambayo mwenye laini hajakubali kuitoa wanataka karatasi ya polisi. Kwa hiyo polisi ni leo leo, siyo wiki ijayo.

Mimi mwaka jana ilikuwa 90,000. Nilipewa RB (namba ya taarifa yako polisi), nikaandika maelezo, kesi ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Nimekwenda kituoni mara tatu, faili limesogea mara moja. Laini ikaonekana ni ya mzee mmoja wa kijijini ambaye hata simu janja hana. Aliwekeshwa kidole mara mbili wakati wa kusajili, "mashine haijasoma, rudia". Kumbe kidole cha pili kilisajili laini ya mtu mwingine. Tangu hapo wazee wote nyumbani nawapigia *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa NIDA zao. Hela yangu sijaiona mpaka leo.

WakalaMwanga
Mjukuu, ulipiga 100 baada ya muda gani?

MjukuuWaUjiji
Kesho yake. 😅 Niliona aibu.

Isevya_Mtani
Salamu kutoka Tabora. Mama, huyo wa 40,000 mkimbie kama moto. Nilimpa wangu 30,000, akadai tena "ada ya mfumo", mwisho akaomba namba ya siri "ili hela iingie". Hapo ndipo nikashtuka, tayari nimeliwa mara mbili. Wanazunguka kwenye maoni wakitafuta wanaolia kama wewe. Bora binamu yangu aliyekwenda kwa mganga na kuku wawili. Angalau kuku aliwaona kwa macho yake wakichukuliwa.

KaranaWaKasulu
Watu wanachanganya 15040 na 100. Hiyo 15040 ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, unaitumia meseji ya tapeli ili namba yake ishughulikiwe. Hela hairudishi, ila tuma, inamwokoa mwenzako. Benki Kuu nayo ni hatua ya mbali: unalalamika kwanza kwa kampuni yako, wasipokutendea haki ndipo unapanda huko. Usianzie juu.

MamaMagunia (Kibirizi)
Asanteni jamani. Nimepiga 100, nimesubiri mpaka sikio likawaka moto. Yule binti nilipomwambia nimetapeliwa aliuliza namba ya muamala na saa tu. Imekutwa 145,000, wameizuia. Iliyobaki ilitolewa kwa wakala dakika sita baada ya mimi kutuma. Dakika sita! Mimi nilikuwa bado nashona gunia.

Polisi nimetoka, RB ninayo. Mpelelezi kasema sehemu hela ilipotolewa inaonekana kwenye kumbukumbu, wataandikia kampuni. Kesho napeleka karatasi kwenye duka lao mjini.

Meseji nimeituma 15040. Yule wa 40,000 bado ananipigia, ananiita mama mkwe.

Lori limeondoka na magunia ya wenzangu. Yangu nimeyafunika turubai, kule ng'ambo ya Kongo naona wingu. Dereva amenipigia tena, anarudi Jumapili, na nauli anataka nimpe mkononi.