Natafuta ekstrakta ya Mauser ya zamani hapa Lubumbashi

Mpwa wa Kampemba ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Nina bunduki ya kuwindia ya aina ya Mauser, kaliba 9,3 x 62 (upana wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita), niliyoachiwa na marehemu mjomba wangu aliyekuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kibali chake kimekwisha kuandikwa kwa jina langu, kwa hiyo upande wa karatasi sina shida. Shida yangu ni ekstrakta, yaani ile ndoano ndefu ya chuma iliyolala ubavuni mwa komeo (chuma cha kufungia nyuma ya mtutu), ambayo kazi yake ni kuvuta ganda tupu baada ya risasi kufyatuliwa. Ncha yake imemeguka. Nikivuta komeo, linarudi nyuma peke yake na ganda linabaki ndani ya chemba (tundu la nyuma ya mtutu linamolala risasi), hata ninalazimika kulisukuma kwa ufito wa kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu. Anayewinda nguruwe pori hana nafasi ya kufanya kazi hiyo kila baada ya risasi.

Nimezunguka kwa mafundi wa Katuba na wa komini ya Kenya. Mmoja anasema ataongeza chuma kwa kuchomelea, kisha atapiga tupa mpaka ncha irudie umbo lake. Mwuzaji mwingine yuko tayari kuniuzia komeo zima, ingawa hataki kusema limetoka kwenye bunduki gani. Je, nikubali lipi kati ya hayo, na kama yote mawili hayafai, kipuri chenyewe kinapatikana wapi?

Mkerezaji wa Likasi amejibu:

Ndugu, usikubali hata moja.

Ekstrakta ya Mauser ni ndoano na springi kwa wakati mmoja: chuma chake chote kirefu hunyumbuka kidogo ili ncha ishike ukingo wa ganda kwa nguvu ileile kila mara. Moto wa kuchomelea unaua ugumu uliowekwa kiwandani, na baada ya hapo utakuwa na kipande kinachopinda bila kurudi au kinachokatika kwa mshtuko mdogo. Fundi wako huenda ni hodari sana wa mageti na chesi za malori, lakini kazi hii ni nyingine.

Komeo la kuokota ni hatari zaidi. Nafasi iliyopo kati ya uso wa komeo na kitako cha risasi hupimwa na fundi bunduki kwa vipimo maalumu, kwa sababu komeo na mtutu hulinganishwa pamoja. Ukitia komeo la bunduki nyingine, linaweza kufunga vizuri kabisa kwa macho huku nafasi hiyo ikiwa imezidi; ganda linaweza kupasuka ndani ya chemba na gesi ya moto ikarudi upande wa uso wako. Kubadilisha ekstrakta peke yake hakugusi kipimo hicho, na ndiyo sababu nakushauri ubaki na komeo la mjomba wako.

Kabla ya kuagiza chochote, hakikisha ni Mauser ipi. Ubelgiji, uliotutawala zamani, ulianza na mfano wa 1889, ambao kiwanda cha silaha cha FN (Fabrique Nationale) cha Herstal kilianzishwa kwa ajili yake mwaka uleule, na baadaye FN ikatengeneza nyingi za mfano wa 1898. Vipuri vya mifano hiyo miwili havibadilishani. Mfano wa 1889 una sanduku la risasi linalochomoza chini ya mbao, mbele ya kifyatulio, na ekstrakta yake ni kipande kidogo kilichopachikwa kwenye kichwa cha komeo. Wa 1898 una risasi zilizopangwa kwa kupishana ndani ya mbao, na ekstrakta yake ni ndefu, imeshikwa na pete na haizunguki pamoja na komeo. Kwa maelezo yako, na kwa kaliba hiyo iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1905, nadhani ni wa 1898, au 98 kwa kifupi. Ukiona muhuri wa yai lenye herufi ELG chini ya taji, hiyo ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège; inakuonyesha mahali bunduki ilipopimwa, lakini haikutajii mfano.

Mzee wa Kipushi amejibu:

Mwanangu, aliyotangulia kusema mkerezaji ni sahihi. Mimi nataka kukuuliza jambo moja: mjomba alikuwa akitia risasi moja kwa mkono ndani ya chemba, kisha anafunga komeo juu yake? Ekstrakta ya 98 haikuundwa kuruka juu ya ukingo wa ganda. Risasi inatakiwa ipande kutoka ghalani, yaani sanduku la risasi, na kuteleza chini ya ndoano wakati komeo linaposukumwa mbele. Ukiitanguliza chembani kwa mkono, ndoano inagonga ukingo na kulazimishwa kupanuka, na mwisho wake ndio huo wa kumeguka ncha. Ukipata kipya ukaendelea na desturi hiyo, utarudi hapa kutuuliza tena.

Vilevile safisha chemba kabla ya yote. Risasi za zamani nyingi zilikuwa na baruti ya fataki (kiwashio cha kitakoni mwa risasi) inayoacha chumvi, na chumvi hiyo ikikutana na unyevu wa masika yetu hutengeneza kutu inayong'ang'ania ganda. Chemba yenye kutu inaweza kumaliza hata ekstrakta mpya.

Yaya wa Ruashi amejibu:

Kuhusu mahali pa kupata: usihangaike sokoni. Mauser 98 ni kati ya bunduki zilizoigwa zaidi duniani, na ekstrakta zake bado zinatengenezwa upya Ulaya na Marekani. Kwa sisi wa Katanga njia iliyo karibu ni Afrika Kusini, ambako mafundi wa bunduki hizi ni wengi. Mwandikie fundi huko, umpelekee picha za komeo pande zote mbili, mihuri yote, na urefu wa komeo uliopimwa kwa kalipa.

Mtajie kaliba pia. Risasi za 7 x 57, 8 x 57, 9,3 x 62 na .30-06 zina kitako cha takriban milimita 12, kwa hiyo ekstrakta ya kawaida inazihudumia zote. Akikupa iliyotengenezwa kwa .375 H&H, ambayo kitako chake ni takriban milimita 13,5, irudishe. Jihadhari pia na ekstrakta za mifano ya 1895 na 1896, ile waliyotumia Makaburu katika vita vya 1899 hadi 1902. Zimejaa huko, na kwa macho zinafanana mno na yako.

Na usimpe dereva wa lori aifiche chini ya kiti apite nayo mpaka wa Kasumbalesa. Uliza kwanza ofisi iliyokupa kibali ni karatasi gani inahitajika kwa kipuri cha silaha, uiagize kwa jina lako, uitangaze forodhani. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko kijiko, lakini mpakani kitaitwa silaha.

Mpwa wa Kampemba amejibu:

Nawashukuru sana. Nimeangalia: ghala liko ndani ya mbao, pete ipo, na muhuri wa ELG unaonekana vizuri nikiufuta mafuta. Mzee, umesema kweli, mjomba alipenda kutia risasi kwa mkono, na ndugu zake wote waliiga. Komeo la yule mwuzaji nimelikataa. Sasa naomba kujua: ekstrakta mpya ikifika, naweza kuipachika mwenyewe?

Mkerezaji wa Likasi amejibu:

Kuipachika unaweza, kwa kuwa inaingia kwenye pete na mfereji wake bila skrubu. Kuilinganisha ni kazi ya fundi bunduki. Ncha inatakiwa ishike ganda bila kugusa sakafu ya mfereji wa ganda, na pakihitajika kupunguza, hupunguzwa kwa jiwe la kunolea, si kwa tupa. Jaribuni kwa risasi bandia zisizo na baruti, zikipanda kutoka ghalani, mpaka kila moja itoke bila kusitasita.