Dola ya Morgan imenyimwa daraja: niitoe kwenye kasha niipeleke kwingine, au nibadilishane?

Mgeni_wa_Fedha: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Nilituma dola ya Morgan (ile sarafu ya zamani ya fedha ya Marekani) PCGS, kampuni ya kupima sarafu na kuzipa madaraja; imerudi kwenye kasha lao la plastiki, haina namba ya daraja. Sasa nina njia tatu: niitoe kwenye kasha niipeleke NGC, kampuni nyingine ya upimaji, niiuze hivi ilivyo, au nikubali ofa ya muuzaji mmoja. Yeye anipe Morgan ya mwaka uleule yenye daraja la VF 20 (imechakaa kiasi), mimi nimpe yangu na kumwongezea kidogo. Kwa macho, yangu inapendeza kuliko yake kwa mbali. Anataka jibu Ijumaa. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Lenzi_Kumi: Mwaka gani? Ya kiwanda gani? Lebo imetaja sababu gani? Weka picha za pande zote mbili, la sivyo tutakuwa tunapiga ramli.

Mama_Hazina: Nakazia. Iliyokwaruzwa, iliyosafishwa, iliyotobolewa ikazibwa, iliyotiwa rangi na ya bandia, zote zinanyimwa namba, lakini huo si ugonjwa mmoja. Sema ni upi.

Mgeni_wa_Fedha: Samahanini. Ni 1889-CC. Lebo imeandikwa XF Details, Cleaned, yaani uchakavu ni mdogo lakini imesafishwa. Niliinunua ikiwa haina kasha. Picha nimeweka, mwanga wake si mzuri sana.

Fundi_Mizani: Mkuu, hapo ndipo ulipopaswa kuanzia! Zilipigwa 350,000 tu pale kiwanda cha Carson City (ndiyo hiyo CC), na matapeli wamezoea kubandika herufi CC kwenye Morgan za kawaida. Wewe tayari umethibitishiwa kuwa yako ni halisi. Hiyo ni mali, hata bila namba. Ukivunja kasha, kila mnunuzi ataanza kuishuku upya. NGC nao wataona kilekile walichokiona wenzao, na ada ya upimaji hairudi eti kwa sababu sarafu imekataliwa.

Upande_wa_Pili: Sikubaliani. Wapimaji ni binadamu, wanaitazama sarafu kwa muda mfupi mno. Mimi nina nusu dola iliyokataliwa kwa "kusafishwa" sehemu moja, nikaituma kwingine ikapata daraja safi. Ajaribu NGC.

Lenzi_Kumi: Ilikuwa ya mpakani, Upande. Hii siyo. Kuzeni picha mtazame uwanja, yaani eneo tupu, ulio mbele ya uso wa Liberty, yule mwanamke wa kwenye sarafu: mistari myembamba, yote imelala upande mmoja. Mng'ao wa kiwandani hausomeki hivyo. Chuma kinapobanwa na mhuri kinatawanyika kutoka katikati kwenda ukingoni na kuacha mistari yake midogo sana, ndiyo maana ukiinamisha sarafu chini ya taa moja mwanga unazunguka kama gurudumu. Kitambaa kinaikata mistari hiyo ya kiwandani. Halafu tazama pembeni mwa herufi. Sarafu iliyotembea mikononi hadi kufikia XF ingebaki na weusi kidogo kwenye mashimo, lakini hii inang'aa kotekote. Uzuri anaousifu mwenye mada ndio uliomkatisha namba.

Mama_Hazina: Hapo kwenye kitambaa naomba niseme kwa kirefu, maana liliniumiza. Nilirithi sarafu nane za fedha, nikazihifadhi kwenye vifuko laini vya plastiki nikidhani nazitunza. Miaka ikapita. Nilipozifungua zilikuwa na utando wa kijani unaonata. Ile ni PVC, plastiki yenyewe inavujisha kemikali zake. Niliingiwa na hofu, nikachukua dawa ya meno na kitambaa cha pamba, nikasugua zote jioni moja. Ziling'aa! Nikazituma kwa furaha. Zote nane zikarudi: zimesafishwa. Baadaye ndipo mzee mmoja mkusanyaji akanieleza kwamba utando ule, ukiwahiwa kabla haujaila fedha, unatoka kwa asetoni safi kwenye chombo cha kioo, mbali na moto, bila kusugua hata kidogo. Kasoro ya kwanza ilikuwa na tiba. Ya pili niliitia kwa mkono wangu, na haifutiki. Mbili kati ya zile zilikuwa za babu yangu, bado nazitazama nikisikitika.

Mgeni_wa_Fedha: Pole sana mama. Je, yangu haiwezi kupelekwa kwenye huduma ya uhifadhi ikarekebishwa?

Fundi_Mizani: Wahifadhi wanaondoa kilichoongezeka: utando, gundi, uchafu. Chuma kilichokwisha kukwaruzwa hakirudi. Usitupe pesa huko.

Upande_wa_Pili: Basi aiache tu, miaka itaibadilisha rangi, mistari ifichike.

Lenzi_Kumi: Rangi haifichi mistari kwa mtu mwenye lenzi. Na akiharakisha kwa salfa atapata kosa la pili, rangi ya kutiliwa shaka.

Upande_wa_Pili: Hilo la rangi ndilo linalonikera. Salfa ya kwenye karatasi ya albamu na salfa ya kwenye chupa zote zinatengeneza salfaidi ya fedha. Nani anaweza kuapa ipi ni ipi?

Lenzi_Kumi: Hakuna wa kuapa, lakini dalili zipo. Rangi iliyokuja taratibu inapita kwa mpangilio, kutoka manjano ya dhahabu hadi buluu, na inafuata umbo la sarafu. Ya kulazimishwa mara nyingi imekaa juu juu, imeruka hatua, tena imepita hadi ndani ya mikwaruzo.

Mama_Hazina: Turudi kwa kijana jamani, Ijumaa inakaribia. Mimi ningechukua VF 20. Sarafu iliyochakaa kwa haki inanipa amani.

Fundi_Mizani: Inategemea nyongeza, mama. Kijana, anataka umwongezee kiasi gani? Na hiyo VF 20 imo kwenye kasha la nani? Umehakiki namba yake ya cheti?

Mgeni_wa_Fedha: Namba sijaiomba. Leo namwomba pamoja na picha za kasha, nitazileta.

Shaba_Nyekundu: Wakuu, samahani kuingilia. Hiyo asetoni, kwenye senti za shaba nayo ni salama?

Lenzi_Kumi: Kwa shaba nenda polepole, rangi yake inaweza kubadilika. Senti ya mwaka gani, na ina tatizo gani? Weka picha.