"Pound" mara tatu kwenye barua moja ya zamani: ni pauni, ratili au zizi?

Nyando_Tafsiri (Kisumu)
Hamjambo wanajukwaa. Nafasiri barua ya Kiingereza ya mwaka 1938 kuhusu ng'ombe walioingia shamba la mahindi huko uwanda wa Kano. Neno "pound" limo mara tatu katika aya moja. Faini ni £3-10-50. Ng'ombe wako "in the pound" hadi ilipwe. Mahindi yaliyoliwa yanakadiriwa kuwa "400 pounds". Nikiandika pauni kote, ng'ombe wanakuwa wamefungiwa ndani ya pesa! Je, hili ni neno moja lenye maana nyingi au ni maneno tofauti? Na hiyo 50 ni peni?

Kamusi_Mkononi (Nakuru)
Pesa na uzito ni neno moja. Zizi ni neno jingine kabisa, halikuzaliwa nyumba moja na hilo.

Warumi walipopima walisema *libra pondo*, yaani libra moja kwa uzito. Makabila ya Kijerumani yakachukua lile la pili, *pondo*, na Kiingereza cha kale kikalitamka *pund*. Lakini waandishi wakabaki na lile la kwanza, *libra*. Ndiyo maana mpaka leo mtu anatamka "pound" huku mkono wake ukiandika lb kwa uzito na £ kwa pesa: alama ya £ ni herufi L ya *libra* iliyopigwa mstari. Uzito uligeuka pesa kwa sababu peni 240 zilihesabiwa kuwa ratili moja ya madini ya fedha. Kiswahili kinalielewa hili bila kufundishwa, maana kwetu fedha ni madini na fedha ni pesa.

"Pound" ya zizi nayo ilitokana na *pund* nyingine ya Kiingereza cha kale, yenye maana ya mahali palipozungushiwa ua. Humo ndimo lilimotoka "impound", lile la gari kuzuiliwa kituoni. "Pond" pia ni sura yake nyingine: maji yaliyozuiliwa yasitoroke. Kwa hiyo kidimbwi cha samaki ni ndugu wa zizi, wala si ndugu wa pauni.

Kuna la tatu, kitenzi cha kutwanga, kutoka *punian*. D ya mwisho iliongezwa baadaye na midomo ya watu, kama ilivyoongezwa kwenye "sound" iliyotokana na *sonus* ya Kilatini. Ukilikuta, usikimbilie kutwanga kila mahali: mahindi hutwangwa kinuni, lakini moyo hudunda.

Mizani_Kitale
Hiyo 50 haiwezi kuwa peni. Peni 12 zilifanya shilingi, kwa hiyo safu ya peni haipiti 11. Shilingi ya Afrika Mashariki iligawanywa kwa senti 100, na hesabu za huku ziliandikwa pauni, shilingi, senti. Pauni moja ni shilingi 20, basi:

3 × 20 = 60, ongeza 10 = shilingi 70, na senti 50.

Mahali pengine katika faili hiyo unaweza kukuta kiasi hichohicho kimeandikwa Shs. 70/50. Usiisome kama sehemu, wala usidhani ni 70 kati ya 50. Mkwaju unatenga shilingi na senti tu.

Kwa upande wa mahindi, ratili moja ni kilo 0.4536, kwa hiyo 400 ni kilo 181 na kidogo. Mkulima ataelewa upesi zaidi ukimwambia magunia mawili. Gunia la zamani lilikuwa ratili 200, sawa na kilo 90.7, na ndilo lililotuachia gunia la kilo 90. Wengi hujiuliza kwa nini 90 na si 100. Jibu ni hiyo ratili.

Angalizo moja: kipimo hiki ni cha wakia 16. Ukikuta dhahabu kwenye karatasi za Kakamega za miaka ya 1930, wakia yake ni nyingine, gramu 31.1, ilhali wakia ya kawaida ni gramu 28.35. Ukizichanganya, kwa kila wakia 10 unapoteza gramu 27 na zaidi.

Wimbi_na_Mchi (Busia)
Kwa hiyo "kuponda" tumelitoa kwa Waingereza?

Kamusi_Mkononi (Nakuru)
Hapana. Kuponda ni la Kibantu. Sauti zimekutana kwa bahati tu. La mkopo ni pauni. Ratili ni mkopo pia, ila limetoka Kiarabu.

Nyando_Tafsiri (Kisumu)
Asanteni sana. Naona iwe hivi: "Faini ni shilingi 70 na senti 50. Ng'ombe watabaki zizini hadi ilipwe. Mahindi yaliyoharibiwa yanakadiriwa kuwa ratili 400."

Mizani_Kitale
Hesabu ni sawa, ila kwa faini acha pauni ionekane kama ilivyo kwenye barua: "pauni 3, shilingi 10 na senti 50, yaani shilingi 70 na senti 50". Atakayelinganisha na barua yenyewe asidhani umebadilisha tarakimu. Baada ya ratili 400 ongeza "karibu magunia mawili".

Kamusi_Mkononi (Nakuru)
Na "zizini" pekee halitoshi, dada. Zizi ni la mwenye ng'ombe, nyumbani kwake. Msomaji atadhani walirudishwa. Andika "zizi la kuzuilia mifugo". Kisha tazama aya inayofuata: kama kuna "pound fees", hiyo si faini tena wala si pauni. Ni ada ya kuwaweka na kuwalisha humo kwa siku walizokaa, na huhesabiwa kando.