Faili la udhamini wa wakimbizi Kanada: liko ofisi ipi, na nani huamua nini?

Mdhamini wa Edmonton ameuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Sisi ni kundi la watu watano hapa Edmonton, na tumeomba kumdhamini, yaani kumleta Kanada na kumtunza kwa gharama zetu, mama mdogo wa mmoja wetu, Mkongo anayeishi na watoto wake katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Maombi yetu yalifika kabla ya serikali kusitisha kupokea maombi mapya ya makundi ya watu watano, tarehe 29 Novemba 2024. Baadaye tulipata barua kutoka Ottawa ikisema kwamba udhamini wetu umekubaliwa, na tangu hapo ni kimya. Mama alipokwenda kuuliza kambini, alijibiwa kwamba jina lake halimo katika orodha ya watu wanaopelekwa nchi ya tatu. Jibu hilo lilimtia hofu kubwa, kwa sababu alikuwa ameshawaambia watoto kwamba Kanada imewakubali.

Naomba mwenye ufahamu atueleze: kati ya Ottawa, ofisi ya viza ya Nairobi, UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa), IOM (shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa) na serikali ya Tanzania, nani ana mamlaka juu ya nini? Zaidi ya hayo, binti yake mkubwa amejifungua mwezi uliopita. Taarifa hiyo tuipeleke wapi?

Mzee wa Kamati, Winnipeg:

Ndugu yangu, pole kwa kusubiri, na umpe mama pole zetu. Nimekuwa katika kamati ya udhamini ya kanisa letu kwa muda mrefu, na hofu aliyoipata mama huyo naikuta karibu katika kila familia. Barua mliyoipata inawahusu ninyi, haimhusu yeye. Maombi ya udhamini binafsi ni mafaili mawili yanayotumwa pamoja: moja la wadhamini, jingine la mkimbizi. Kituo cha Ottawa kinachoshughulikia wakimbizi wanaohamishwa, ambacho ni sehemu ya Idara ya Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia, yaani IRCC, huhakikisha kwamba fomu zimekamilika, kisha hulipima faili la wadhamini: kama ni raia au wakazi wa kudumu, kama wamefikisha miaka 18, kama wanaishi mahali mkimbizi atakapokaa, kama wana fedha za kumtunza kwa miezi 12, na kama hakuna aliyewahi kushindwa kutimiza udhamini mwingine. Mkipita hapo, mnaandikiwa barua hiyo, na faili la mkimbizi linapelekwa ofisi ya viza ya nje, ambayo kwa faili lenu, kama ulivyosema, ni Nairobi.

Swali la kama mama ni mkimbizi kwa mujibu wa sheria ya Kanada bado halijajibiwa na mtu yeyote. Atakayelijibu ni afisa wa viza, baada ya kusoma maelezo yake ya kukimbia na, kwa kawaida, baada ya kumhoji ana kwa ana au kwa video. Ottawa haiwezi kumwamrisha afisa huyo amkubali, na mbunge wenu hawezi pia. Ofisi ya mbunge inaweza kuuliza faili limefika hatua gani, na mara nyingi hupata jibu, lakini mamlaka yake yanaishia hapo. Mkimbizi akikataliwa hakuna bodi ya rufaa. Kilichopo ni kuiomba Mahakama ya Shirikisho ipitie uamuzi huo, na kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada ombi hilo hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 60 tangu kuarifiwa.

Kuhusu orodha ya kambini, mwambieni mama alale usingizi. Orodha hiyo ni ya watu ambao UNHCR yenyewe inawapendekeza kwa nchi zinazopokea wakimbizi kwa gharama za serikali. Mtu aliyetajwa na wadhamini hahitaji pendekezo hilo, kwa hiyo ni kawaida kabisa jina lake lisiwemo. UNHCR inawahusu ninyi kwa jambo moja tu: tangu Oktoba 2012, makundi ya watu watano na wadhamini wa jumuiya (yaani mashirika ya mahali mkimbizi atakapokaa) wanaweza kumdhamini tu mtu mwenye hati ya kutambuliwa kuwa mkimbizi, iwe imetolewa na UNHCR au na serikali ya nchi alipo. Karatasi ya mwombaji hifadhi haitoshi, na nimeona maombi mazuri yakirudishwa kwa kasoro hiyo. Mashirika yenye mkataba wa udhamini na serikali hayafungwi na sharti hilo, ila yanafungwa na idadi ya nafasi yanazogawiwa kila mwaka.

Tatizo la pili ni siri za faili. Kuwa mdhamini hakukupi haki ya kusoma mambo ya mkimbizi, hata akiwa mama yako mzazi. Mama ajaze na kutia sahihi fomu ya IMM 5475, ambayo inairuhusu IRCC kutoa taarifa zake kwa mtu aliyemtaja. Bila fomu hiyo mtaendelea kujibiwa kwa sentensi za jumla.

Mhudumu wa Wakimbizi, Nairobi:

Naomba nimwongezee mzee, hasa kwa yale yanayotokea huku baada ya mahojiano, maana hapo ndipo ofisi nyingi hugusa faili moja kwa wakati mmoja.

Afisa akiridhika, uchunguzi wa usalama hufanywa kwa ushirikiano wa IRCC, Wakala wa Huduma za Mipaka wa Kanada na idara ya ujasusi ya nchi hiyo. Familia hupelekwa kupimwa afya, na IOM ndiyo inayopanga safari za kwenda kwa madaktari, masomo ya maandalizi na tiketi za ndege. IOM haikubali wala haikatai mtu, ingawa sare zake ndizo familia inazoziona zaidi, na kwa hiyo lawama nyingi huiangukia. Kisha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Tanzania hutoa kibali cha mkimbizi kutoka nchini. Kanada ikishatoa viza, bado hakuna ndege bila kibali hicho.

Kinachoumiza ni tarehe. Vipimo vya afya kwa kawaida hudumu miezi 12. Uchunguzi wa usalama au kibali cha kutoka vikichelewa, vipimo huisha na familia nzima inarudi kwa daktari, na hakuna ofisi hata moja kati ya hizo iliyokosea.

Sasa, ndugu yangu, huyo mtoto aliyezaliwa msimchukulie kama habari njema ya kusimuliana kwenye simu tu. Kama binti alikuwa chini ya miaka 22 maombi yalipopokelewa, na hana mume wala mwenzi, anahesabiwa kuwa mtegemezi, na mtoto wake anaingia katika faili hilo hilo. Iandikieni IRCC kwa fomu yake ya mtandaoni, mkitaja namba ya faili inayoanza na herufi G, na mama apeleke cheti cha kuzaliwa mara kikipatikana. Kambini nako mtoto asajiliwe, ili karatasi ya familia ya UNHCR na faili la Nairobi vitaje watu wale wale, kwa kuwa afisa atavilinganisha. Mwanafamilia asiyetajwa kabla ya mama kutua Kanada anaweza kuzuiwa asidhaminiwe baadaye katika kundi la familia, yaani njia ya mkazi kumwombea ndugu yake wa karibu. Aliyetajwa lakini akabaki nyuma ana mwaka mmoja wa kuomba kumfuata.

Mdhamini wa Edmonton:

Asanteni sana, mzee wangu na mhudumu. Binti ana miaka 19 na hajaolewa, kwa hiyo leo hii tunaandika. Nina swali la mwisho: binamu yetu yuko Montreal na angependa mama akae kwake. Je, inawezekana kwa faili hili?

Jirani wa Montreal:

Kwa faili hilo, hapana. Kwanza, wadhamini wanatakiwa kuwa katika jumuiya ambako mkimbizi atakaa, na ninyi mmeahidi Edmonton. Pili, Quebec ina njia yake. Kwa makubaliano ya mwaka 1991 kati ya jimbo hilo na serikali ya shirikisho, Quebec huchagua yenyewe wakimbizi watakaoletwa kutoka nje kuishi huko. Binamu yako angepaswa kupeleka ahadi ya udhamini kwa wizara ya uhamiaji ya jimbo, ambako kundi linaweza kuwa na watu 2 hadi 5, na ambako maombi hupokelewa kwa vipindi maalumu na kwa idadi yenye kikomo. Jimbo likiridhika hutoa cheti chake cha uteuzi, lakini afya, rekodi ya jinai na usalama hubaki mikononi mwa serikali ya shirikisho, na viza hutolewa na afisa yule yule wa Nairobi.

Akishatua na kuwa mkazi wa kudumu, mama ana haki ya kuhamia mji wowote. Ila mzungumze naye mapema, kwa sababu akihama ndani ya miezi ile 12 mtalazimika kuiarifu IRCC, na huenda ikabidi apatikane mdhamini mwingine huko aendako.