Tupeane uzoefu: kipigo cha mume na maradhi ya chini ya kitovu (Malindi na viunga vyake)

Dada zangu, mtu akipigwa tunamuuliza jicho na mbavu. Huku chini hatuulizani. Nawajua wanawake wanaotibiwa uchango, yaani maumivu ya tumbo la chini, miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyewahi kuwauliza nyumbani wanaishije. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu watimize miaka 15, kwa hiyo hatuzungumzii wachache. Aliyepitia aandike, jina si lazima. Anayekuja kuhukumu apite.

Asumini, Shella: Nilikuwa naumwa kinena, uchafu unatoka, nikikojoa panawaka. Nikimeza dawa napoa, halafu yanarudi. Kliniki wakaniambia nije na mume tutibiwe sote. Kumwambia tu, nilipigwa, eti nimemwita mzinzi. Kondomu ndiyo sikuthubutu hata kuitaja. Na usiku wa kipigo ndio aliokuwa akinitaka. Nikikataa nimejitakia mengine. Ikafika mahali nikisikia funguo mlangoni mwili wote unakakamaa. Akitaka tendo ni maumivu kama ya kisu. Somo yangu, yaani kungwi wangu, akanishauri nijifukize udi, nijipambe. Nikajifukiza, nikajipamba, hofu iko pale pale. Aliyenifaa ni muuguzi mmoja. Alifunga mlango akaniuliza taratibu, "Mwanangu, huko kwako u salama?" Nililia mpaka leso ikarowa. Hakunisukuma kwenda polisi. Alinipima pia virusi vya Ukimwi, akanieleza kwamba maambukizo yakirudi rudi hupanda hadi kwenye mirija ya uzazi na yanaweza kumzuia mtu kushika mimba. Kadhi alishaivunja ile ndoa kwa sababu ya mateso. Maumivu yamepungua, hamu haijarudi, na sina haraka nayo.

Mama Mapacha, Barani: Wangu alikuwa akivitupa vidonge vyangu vya kupanga uzazi chooni. Nikahamia sindano ya miezi mitatu, kadi namwekea jirani. Kabla ya hapo nilipigwa nikiwa na mimba, ikatoka. Hilo siwezi kuliandika zaidi.

Wa Maweni: Poleni sana. Naomba kuuliza, mume kumlazimisha mkewe ni kosa? Mama mkwe asema hakuna kitu kama hicho.

Mwanzilishi: Dada, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kwenye ubakaji imewaacha nje walio katika ndoa halali, na mimi naona ni dhuluma. Lakini Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inautaja ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na mahakama yaweza kumpa mke amri ya kumlinda.

Muuguzi mstaafu: Wanangu, ukiingiliwa kwa nguvu, awe mume awe nani, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi huanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, humezwa siku 28. Za kuzuia mimba ni ndani ya siku tano. Ukiweza usioge kwanza, ushahidi usipotee, na nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Tibiwa hata kama huna nia ya kushtaki.

Wa Maweni: Shukrani, Ma. Langu nitaliandika siku nyingine, simu yangu mume huikagua.

Mwanzilishi: Basi futa haya yote sasa hivi. 1195, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, hupigwa bure, usiku na mchana. Ukishapiga, nayo ifute.