Ujumbe wa kazi usiku: kujibu ni wajibu au hisani?

Kiongozi wa Timu: Tuko watu 8. Kundi letu la WhatsApp halilali: saa 4 usiku mtu anauliza faili liko wapi, na wanaojibu ni wawili walewale. Wengine wanasema saa za kazi zimekwisha. Niweke utaratibu gani bila kuua ari ya kujituma?

Mpanga Zamu: Usianze na saa, anza na dharura ni nini. Andika mambo yasiyozidi matatu: huduma kwa wateja imesimama, usalama wa mtu uko hatarini, au kuna hasara itakayotokea kabla hakujakucha. Hayo yapigiwe simu. Ujumbe wa maandishi usiku usomwe asubuhi, basi. Mpaka huo hupunguza kelele kwa sababu kumpigia mtu usiku kunatia haya. Mpigaji hujipima kwanza. Kisha weka zamu ya wiki moja moja, na msaidizi wa kupigiwa ikiwa mwenye zamu hajapokea ndani ya dakika 15. Wafidie kwa malipo au mapumziko, la sivyo watu wataanza kuzima simu.

Karani: Swali la faili ni kosa la jioni. Kabla ya kutoka, kila mtu aandike mistari minne: kilichoisha, kilichobaki, faili lilipo, na nani anaendelea nacho. Jina la mtu, tafadhali, si "timu itaangalia". Ukiuliza kundi zima, kila mmoja hudhani mwenzake atajibu.

Mtazamo Tofauti: Mnambebesha mpokeaji. Bosi akituma saa 5 usiku na kuongeza "si haraka", watu husoma cheo chake. Barua pepe inaweza kupangiwa iondoke saa 2 asubuhi, atumie hiyo. Ufaransa, tangu 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadili haki ya mfanyakazi ya kutopatikana baada ya saa za kazi. Ureno mwaka 2021 ilikwenda mbali zaidi: mwajiri ndiye asimsumbue mfanyakazi wakati wa mapumziko, isipokuwa kwa jambo lisiloepukika. Naona Ureno ndio walioshika penyewe.

Kiongozi wa Timu: Na hao wawili wanaojibu haraka?

Mpanga Zamu: Usiwasifu kundini kwa kujibu usiku. Ukifanya hivyo, wengine sita wataelewa ndicho kipimo kipya cha kazi.