Tupeane uzoefu: virusi na wavamizi katika kompyuta za biashara zetu

Ndugu zangu, naomba kila mwenye kompyuta kazini aeleze lililompata na namna alivyojinasua. Naanza mimi, mwenye depo ya saruji hapa Kadutu, Bukavu. Karani wangu alipeleka flashi kwenye duka la fotokopi kuchapisha faktura, akarudi akaichomeka kwenye kompyuta ya hesabu. Kesho yake folda zote za flashi zilikuwa zimegeuka njia za mkato, kila moja na mshale mdogo pembeni, na kila flashi iliyochomekwa baadaye ikawa hivyohivyo. Tulidhani faili zimefutika, kumbe virusi vilikuwa vimezificha tu, na fundi alizirudisha kwa amri moja ya kompyuta iitwayo attrib, inayofichua faili zilizofichwa. Ila kusafisha kompyuta kulichukua siku mbili, tukauza kwa daftari, na mpaka leo kuna mifuko kumi na mmoja ya saruji ambayo hatukubaliani ni nani aliyeichukua. Siku hizi flashi ya kuchapishia ina utepe mwekundu, na ikirudi inafutwa yote kwenye kompyuta nyingine kabla ya kutumika tena.

Mama Duka la Dawa, Goma
Pole, kaka. Mimi nilikuta stoku yote imefungwa kwa msimbo, na ujumbe unadai nilipe bitkoini, ile fedha ya mtandaoni, ili ifunguliwe. Kompyuta yangu ilikuwa bado na Windows 7, ambayo msaada wake wa kawaida ulikwisha Januari 2020, na hata kabla ya hapo nilikuwa nimezima masasisho kwa sababu yalinimalizia megabaiti. Mpwa wangu alinikumbusha WannaCry, virusi vya aina hiyohiyo vya Mei 2017, vilivyopenya kwenye kasoro ya Windows ambayo Microsoft, wenye Windows, walikuwa wametoa dawa yake Machi mwaka huohuo. Diski ya nakala nilikuwa nayo, lakini niliiacha imechomekwa usiku na mchana, nayo ikafungwa pamoja na kompyuta. Sikulipa, niliandika stoku upya kutoka kwenye faktura za karatasi, wiki tatu nzima.

Wa Kamalondo, Lubumbashi
Kwetu hapakuwa na virusi. Wafanyakazi wote wanne waliingia kwa akaunti moja, na neno la siri lilikuwa limebandikwa chini ya kibodi. Keshia mmoja aliondoka kwa amani, tukampa hata zawadi, kisha punguzo la bei likaanza kuonekana saa tatu za usiku, wakati duka limefungwa. Aliingia kwa mbali, kwa programu tuliyoiweka wenyewe ili fundi atusaidie. Sasa kila mtu ana akaunti yake, anayeondoka akaunti yake inafungwa siku hiyohiyo, na fundi anafunguliwa njia ya kuingia kwa mbali anapohitajika tu.

Mwenye depo, Bukavu
Dada wa Goma, sasa nakala unaziweka wapi?

Mama Duka la Dawa, Goma
Nina diski mbili za kupokezana, na inayopumzika huwa imechomolewa, iko kwa dada yangu, mtaa wa Himbi, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Tangu volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 sikubali vyote vilale chini ya paa moja.